Muhuri wa Shangazi Tomie

Shangazi yangu, Kuwano Tomie, alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha Mizuhara hapa mjini Kiryu, Japani, kwenye jengo lililokuwa la kufumia hariri. Mizuhara walianza na spika za redio, wakapanda hadi amplifaya, mashine za kukuza sauti ya muziki, ambazo watu wa Tokyo walizifuata huku kwa treni. Shangazi ndiye aliyekuwa mkaguzi wa mwisho. Alifumba macho, akasikiliza, na akiridhika aligonga muhuri mwekundu wa jina lake ndani ya kifuniko. Asiporidhika, hata mwenye kampuni hakuthubutu kumbembeleza. Mwaka 1984 aliacha kazi ili amuuguze mama mkwe wake.

Mimi ni fundi wa redio, na wiki iliyopita mteja aliniletea amplifaya ya Mizuhara iliyozimika. Nikafungua, nikakuta muhuri wa Kuwano, na tarehe ya Machi 1991. Nilikuna kichwa. Nilipomaliza kuitengeneza, nikampelekea shangazi aione.

"Shangazi, ulirudi kazini kimyakimya?"

"Wewe una homa? Tisini na moja nilikuwa nafua nepi za mama mkwe!"

Akampigia simu Mzee Iwase, aliyekuwa msimamizi wake, akaweka spika ili nami nisikie.

"Bi Kuwano, nisamehe," mzee alisema baada ya kukohoa weee. "Ulipoondoka, wenye maduka walikataa mzigo usio na jina lako. Tukachonga muhuri mwingine. Tuliutumia mpaka kampuni ikauzwa kwa wageni."

"Na nani alikuwa anasikiliza?"

"Kuna siku alisikiliza mtu. Siku nyingine, mzigo ulikuwa mwingi."

Shangazi akakata simu. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakimwinamia sokoni wakimshukuru kwa amplifaya zao. Sasa hakujua nani alimshukuru kwa kazi yake na nani kwa kazi ya muhuri wa bandia. Nilipandwa na hasira, halafu sikujua nimkasirikie nani, maana nyingi za muhuri huo zinalia vizuri tu mpaka leo.

"Iwashe hiyo," akasema. "Kama ni mbovu, nitafuta jina langu kwa mkono wangu."

Nikaiweka kati ya vikombe vya chai, nikaiunganisha na gramafoni na spika zake, nikaweka santuri ya piano. Akafumba macho mpaka muziki ukaisha. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa.

"Mwanangu, nina miaka themanini na tatu. Piano naisikia. Lakini sijui kama naisikia hii, au nazikumbuka zile zangu. Niambie wewe, ni nzuri?"

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Nikairudisha sindano mwanzoni mwa santuri, nami nikafumba macho.