Mama, Redio na Darasa la Tatu

Mawe ya redio yaliyoanikwa juani yana harufu yake, ya chuma chenye jasho na siki kidogo. Muhula ule wa mvua harufu hiyo ilikaa dirishani mwa darasa letu la tatu kule Kabuchai, kwa sababu mwalimu mkuu aliamini kwamba mawe hayo, yaani betri, yakipigwa na jua hurudisha nguvu, na jua lenyewe lilikuwa la kuvizia kati ya wingu na wingu. Redio ilikuwa imeletwa ndani ya boksi kutoka ofisi ya elimu, ikawekwa juu ya meza ya mwalimu, na mwalimu mwenyewe akasogezewa kiti pembeni. Mwalimu huyo alikuwa mama yangu. Nyumbani nilimwita Mama, darasani nilimwita Mwalimu, na hilo peke yake lilikuwa limeshanitatiza; mara nyingi niliinua mkono bila kujua nitaanza na jina gani. Sasa akaongezeka mwanamke mwingine, asiyeonekana, ambaye kila alasiri alisema, "Hamjambo, watoto wangu?" Nami nikajiuliza tulikuwa watoto wake tangu lini.

Sauti ile ilikuwa nzuri, sitadanganya. Ilitamka Kiswahili laini ambacho kwetu hatukuwa tumekisikia kwa mtu yeyote. Iliuliza swali, ikanyamaza kidogo, kisha ikasema, "Vizuri sana!" hata kama hakuna aliyefungua kinywa. Siku moja iliuliza ni mnyama gani anayetupa maziwa. Wafula, mchekeshaji wa deski la nyuma, akapaza sauti, "Kuku!" Redio ikasubiri kidogo, kisha ikasema, "Vizuri sana! Mmejibu sawasawa." Darasa likaangua kicheko. Mama akasema si kuku, lakini alikuwa amechelewa, sifa zilikuwa zimeshatoka. Wafula akajitetea kwa uso mkavu, "Lakini mwalimu, si redio imekubali?" Mimi sikucheka. Mwalimu mkuu alikuwa ametuambia tuiheshimu redio kama tunavyowaheshimu walimu. Sasa kama redio imekosea, basi mwalimu anaweza kukosea. Na kama mwalimu anaweza kukosea, Mama je?

Jibu lilikuja wiki hiyo hiyo, na sikulipenda. Mama, kama watu wengi wa kwetu, alibadilisha l na r bila kujua. Kila asubuhi alituambia, "Toeni karamu zenu," nasi tulizitoa. Alasiri ile redio ikasema kalamu. Nafula, niliyeketi naye, akainua mkono. "Mwalimu, redio inasema kalamu. Wewe unasema karamu. Tuandike gani?" Hakuwa na utundu wowote, alitaka kujua tu. Mama aliitazama chaki iliyokuwa mkononi mwake. Nilitamani mvua ishuke juu ya mabati, ile mvua kubwa inayomeza kila neno. Hatimaye akasema taratibu, "Andikeni ya redio." Jioni, akisonga ugali, nilimsikia akinong'ona peke yake: kalamu, kalamu, karamu, aa! Akaniona mlangoni. "Unasikiliza nini? Lete maji." Nikaleta maji. Aibu haikunitisha sana. Kilichonitisha ni maneno ya jirani yetu, kwamba walimu ambao hawakusomea chuoni wataachishwa kazi kwa kuwa redio haili wala haiugui. Mama hakuwa amesomea chuoni.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alasiri moja aliwasha redio, akaiacha mezani, akaja kuketi deski la mbele kati yangu na Nafula, magoti yake yakigonga mbao. Redio iliposema turudie, akarudia pamoja nasi kwa sauti kubwa, akikosea, akicheka, akijaribu tena. Wafula aliporudia upuuzi wake na kusifiwa, Mama aligeuka nyuma. "Wafula, redio imekusamehe. Mimi bado. Simama useme jibu." Nadhani tulijifunza mengi siku zile, lakini mimi nilizidi kuchanganyikiwa. Bega lililokuwa likinigusa lilikuwa la mwanafunzi mwenzangu, la mwalimu, au la mama? Na hivyo ndivyo mkaguzi wa shule alivyotukuta. Alisimama mlangoni, koti lake limelowa, akauliza, "Mwalimu wenu yuko wapi?" Baadhi yetu waliinyooshea redio kidole. Wengine walimnyooshea Mama. Mkono wangu ulipanda ukakwama hewani, haukwenda popote. Mama akainuka, akanyoosha sketi yake, akatoka naye nje. Kupitia dirishani nilimwona akieleza kwa mikono yote miwili, na mkaguzi akitikisa kichwa, na mpaka leo sijui kama alikuwa akikubali au akikataa.

Hakuachishwa kazi. Muhula uliofuata alipelekwa kufundisha watoto wadogo, ambako hakukuwa na redio, na sisi tukaletewa kijana aliyetoka chuoni. Nilimuuliza Mama kama alikuwa amepandishwa au ameshushwa. "Nimehamishwa," alisema, akaendelea kuchambua maharagwe. Yule kijana naye aliifungia redio kabatini tangu wiki ya kwanza, akatufundisha kwa mdomo wake. Hakuna aliyetueleza sababu.

Leo mimi ni mwalimu hapa Kitale, na wanafunzi wangu wana vishikwambi. Katika mikutano watu huniuliza maoni yangu kuhusu teknolojia darasani, wakitaka niseme ndiyo au la, na kila nikianza sentensi moja huja nyingine ikiikatiza. Redio ya Mama haikutusikia. Ingeweza kusifu hata darasa tupu. Vyombo vya siku hizi vinasikia, vinasahihisha, vinangoja mtoto amalize kufikiri. Juzi nilimkuta Chebet, msichana wa upande wa Suam ambaye hajawahi kuinua mkono katika kipindi changu, ameinamia kishikwambi akikiuliza kwa sauti ya chini hesabu za kugawanya sehemu. Aliuliza swali, akauliza lile lile kwa namna nyingine, na yalikuwa maswali mazuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na darasa lile. Nilifurahi, na papo hapo nikaumia. Nikachuchumaa kando yake.

"Chebet, kwa nini haya hukuniuliza mimi?"

Alichagua maneno, asije akanikosea heshima.

"Mwalimu, hii ukiiuliza mara ya pili, haikuangalii."

Nikamwambia, "Sawa, endelea." Nikarudi mbele ya darasa, nikasimama pale, nikawa sijui niangalie wapi.