Majina Yaliyokaa Juu ya Ukurasa

Bernadeta alikuwa mtu wa kuota mchana. Hilo alilijua mwenyewe, na wenzake walilijua zaidi. Vidole vinapiga chapa, macho yameshatoka dirishani, yamepanda Uluguru mpaka pale ukungu unapoanzia, na mwenye macho hana habari. Ajabu ni kwamba hakosei. Kupiga chapa alifundishwa na masista, enzi za mashine za chuma, na masista hawakumfundisha mtu mara mbili.

Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Mahendra, mjini Morogoro. Ni ya chama cha wakulima wa mboga wa milimani. Siku za soko, wakishauza mizigo yao, wakulima hupita pale kunyoosha miguu, na kwa miaka ishirini na miwili Bernadeta amekuwa akiwauliza swali moja: shambani umeona nini? Wao husema, yeye huandika kwenye kompyuta. Namna ya kuizuia kabichi isipasuke mvua zikizidi. Jinsi ya kuyarudishia matuta ya ngazi yaliyobomoka. Kila maelezo faili lake, na mafaili yalikuwa yamefika mia nne na kumi na mawili.

Si wote waliotoa kwa hiari. Mzee Dominiko, bingwa wa njegere, alikaa misimu miwili bila kufungua mdomo.

"Nikikuambia," alisema, "kesho litakuwa la kila mtu, na mimi nitakuwa sijawahi kulima."

"Jina lako litakaa juu ya maneno yako, mzee. Halitabanduka."

Basi mzee akafunguka, na wenzake wakamfuata. Ahadi hiyo Bernadeta hakuifanyia mzaha. Kwao milimani shamba hufuata ukoo wa mama, na ukieleza habari za shamba bila kumtaja mama aliyelileta, huna tofauti na mwizi wa mahindi. Kwa hiyo kila faili lilikuwa na jina la msemaji, kijiji chake, na mama wa shamba. Aliyaandika wapi? Juu kabisa, kwenye ule ukanda wa ukurasa ambao ukiandika mara moja unajirudia kurasa zote. Huko ndiko alikoona kunafaa heshima. Jina la mtu mzima ulishushe chini, likae kati ya samadi na dawa ya wadudu? Masista wangefufuka.

Heshima hiyo hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka huu chama kiliamua kuyahamishia mafaili yote kwenye maktaba ya mtandaoni, ili mkulima wa Mlali au hata wa Dakawa aulize kwa simu na kujibiwa. Kazi alipewa Hetvi, binti wa Mzee Mahendra, aliyesomea kompyuta na kurudi nyumbani. Mafaili yote aliyaingiza kwa alasiri moja. Miaka ishirini na miwili, alasiri moja! Jumanne asubuhi Bernadeta alipofika, binti alikuwa anamsubiri na tabasamu.

"Shikamoo Mama Bernadeta. Njoo uone watoto wako."

"Marahaba mwanangu. Hebu nionyeshe za njegere."

Ukurasa ukafunguka mweupe, msafi, maandishi yamepangika vizuri kuliko alivyoyaacha. Bernadeta akasoma toka mwanzo hadi mwisho. Akarudi juu. Akafungua wa karoti, akafungua wa vitunguu.

"Hetvi, watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Waliosema."

Hetvi akaangalia, akafungua faili la zamani, akalinganisha. Tabasamu likamwisha. "Mama, mashine imechukua mwili wa waraka tu. Yale ya juu ya ukurasa imeyaona kama mapambo, ikayaacha."

"Mapambo," alirudia Bernadeta, na akakaa.

Mwenyekiti, Bwana Wilfred, aliitwa. Ni mtu mwema, lakini ni mtu wa vikao, na mtu wa vikao hapendi neno ahirisha. Uzinduzi ulikuwa Ijumaa, wageni wameshaalikwa. "Dada Bernadeta, elimu ni ya wote," alisema kwa upole. "Majina hayaoteshi kabichi."

"La kwako tumelipaka rangi pale mlangoni, Mwenyekiti. Limeotesha nini?"

Mwenyekiti akakohoa, akakumbuka ana mtu wa kuonana naye. Lakini Ijumaa ilibaki Ijumaa. Na Mzee Dominiko, watu walivyosema, alikuwa ameshaweka bando kwenye simu ya mjukuu wake, ili ajione.

"Yale ya juu naweza kuyavuta yote kwenye orodha moja," alisema Hetvi. "Ila maktaba inataka jina liwe na kisanduku chake, kijiji na chake, mama wa shamba na chake. Na wewe umeandika kama unaongea. Mashine haitajua mtu ni yupi na kijiji ni kipi."

"Mimi nitajua."

Wakaanza. Mstari mmoja mmoja, siku tatu, chai ikipoa pembeni. *Haya ameyasema Pili, wa shamba la Bibi Agata huko Kinole, alipokuja na mdalasini.* Bernadeta anaweka Pili mahali pake, Kinole mahali pake, lakini Pili mwenyewe hakubali kukaa kisandukuni. Anaingia mlangoni na harufu ya mdalasini, anatua furushi, anauliza kama kuna maji. Nyuma yake Abeid, ambaye sentensi yake moja ilichukua asubuhi nzima. Nyuma yake Andrea wa Nyandira na kapu la plamu, anawagawia mpaka wateja wa Mzee Mahendra. Shamsia, ambaye hayupo tena duniani, alikuja na koti lake la mvua akaegemea kabati palepale alipokuwa akiegemea. Ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukapita dukani kati ya ndoo na mabati, ukaingia nao. Chumba kikajaa. Bernadeta akawa anasikia miguu yenye udongo mwekundu ikisogezana, sauti za Kiluguru zikipanda na kushuka, na alijisikia raha ambayo hakuwa ameisikia siku nyingi.

"Mama, umelala?"

"Nipo. Andika Andrea."

Mzee Dominiko walimfikia Jumatano. Hetvi alilikuza jina lake kidogo kuliko mengine, na Bernadeta alijifanya hajaona.

Alhamisi mchana mvua ilipiga bati kwa nguvu, na orodha ikawa imebaki kipande. Hetvi akasoma mstari uliofuata. "Haya ameyasema Mama." Akashuka mstari. "Haya ameyasema Mama. Na huu pia. Mama, hii mistari kumi na mmoja yote imeandikwa hivyohivyo. Mama nani?"

Chumba kikawa kitupu ghafla. Pili hayupo, Abeid hayupo.

Nyani haoni kundule. Siku tatu Bernadeta ameisema mashine, amemsema Mwenyekiti, kimoyomoyo amemsema hata binti wa watu. Na mwenyewe, kwa mkono wake, mara kumi na moja, alikuwa amemwacha mama yake bila jina. Hakufanya kwa ubaya. Mama yake alikuwa akishuka na karoti, anakaa kwenye benchi, anasema, na mtoto anaandika. Mtoto gani wa milimani humwita mama yake kwa jina? Bernadeta hakuwahi kulitamka maishani mwake, wala kuliandika. Kaburini aliliandika katekista, kwa rangi nyeupe juu ya msalaba wa mbao, na mvua za miaka tisa zimeshalifuta.

"Tuache hivyohivyo?" aliuliza Hetvi taratibu. "Tuweke Mama tu?"

"Mama wa nani? Mtu wa Dakawa akisoma, atajua ni mama wa nani?" Akasogeza kiti. "Nipishe hapo, mwanangu."

Akavuta kibodi. Vidole ambavyo havikosei vilikosa, vikafuta, vikakosa tena. Halafu akaandika: Tekla. Aliona aibu kama mtoto aliyekamatwa akichungulia. Akaandika la pili, la tatu. Kufikia la saba aibu ilikuwa imeondoka, na kufikia la kumi na moja alitamani yangekuwa mengi zaidi.

Hetvi akachukua simu yake, ajaribu kama mkulima wa mbali angejaribu. Akauliza habari za karoti. Ukurasa ukafunguka, naye akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha dukani, kisafi na cha haraka.

"Amesema Tekla, wa shamba la Bibi Tadea, Mlali. Karoti usiimwagilie jua likiwa kali, itaoza ungali unaisifia. Ngoja kivuli cha mlima kiifikie, ndipo..."

Bernadeta aliinua mkono kutaka kumkemea. Jina la mama yake, hivihivi, kinywani mwa mtoto! Mkono ukabaki juu. Ilikuwa miaka tisa tangu alisikie, siku ya mazishi, padri alipolitaja. Sasa machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Pole, Mama. Niache?"

"Usiache," akasema. "Soma tena. Anzia kwenye jina."