Miche ya Sindano

Mtaa mzima ulimwita Sindano. Alikuwa ameshona nguo za watu miaka arobaini, na wabaya wake walidai jina lilitokana na ulimi. Magoti yalipokataa kukanyaga cherehani aliiuza, akahamia uani nyuma ya jiko na miche yake thelathini ya nyanya.

Mwanawe, mwenye roho nzuri na kichwa kigumu, hakupendezwa. Tangu mama ateleze kwenye tope akaumia kiuno, wimbo wake ulikuwa mmoja. "Mama, pumzika. Nyanya tutanunua sokoni. Hapa namwaga saruji, utembee pakavu."

"Nipumzike nina nini? Nikifa si nitapumzika mpaka nichoke!"

Hakuwa akitania. Bila kile kipande cha udongo angebaki mtu wa kuketishwa na kulishwa, na hilo alilichukia kuliko maumivu. Basi akailea miche yake. Wiki nzima aliizoesha jua, saa moja leo, mbili kesho. Akaihamishia kwenye tuta, akifukia shina hadi karibu na majani ya chini ili litoe mizizi zaidi. Kisha akaifunga kwenye vijiti kwa vitambaa, bila kukaza. "Hata gauni huachiwa nafasi ya kunenepa," aliiambia.

Jumamosi mwana akaleta mwashi na mifuko mitano ya saruji, mwenyewe akasimama mlangoni akijifanya anasoma simu. Mwashi, mtu wa adabu, alishika jembe akasita.

"Shikamoo, nyanya. Samahani, nimeambiwa nianze kwa kung'oa nyanya."

Sindano alivuta kigoda, akakiweka katikati ya tuta, akaketi.

"Marahaba. Nyanya yupi?"

"Hizi... hizi za kwenye tuta."

"Na mimi umeniita nani sasa hivi?"

"Nyanya."

"Basi fuata ukubwa, baba. Anza na mimi."

Mwashi alicheka, akakimeza kicheko alipoona Sindano hacheki. Akaweka jembe chini. "Bosi, kazi hii siiwezi."

"Mama, jamani!" mwana alilalamika.

"Yaliyochoka ni magoti. Mimi sijasema nimechoka. Ukitaka kumwaga saruji, imwage na mimi nikiwa humu humu."

Mwana akainama, akajitwika mfuko wa kwanza kuurudisha nje.

"Pita pembeni," Sindano akamwambia. "Usinikanyagie miche."