Ndoo Yangu na Gari la Zimamoto

"Silipimi hili gari," alisema shemeji yangu. "Umeniita kuangalia gari au kunisuta? Tangu tufike umeitaja ile ndoo mara tatu. Nimechoka kudaiwa ndoo."

Tulikuwa kwenye yadi ya magari chakavu, jua linachoma, na dalali kasimama pembeni na funguo anajifanya hasikii. Nikamjibu shemeji kwamba ndoo yangu ilikuwa nzima alipoichukua, na kama anaona aibu, anayo sababu.

Huyu bwana ni mume wa dada yangu mkubwa. Aliendesha gari la zimamoto miaka ishirini na miwili. Kazini walimwita Honi, kwa sababu king'ora kilipokufa hakuna aliyekitengeneza, akawa anapita barabarani kaikandamiza honi kama mtu anayefukuza mbuzi. Siku hizi mapafu yamechoka. Akipanda ngazi tatu, anapumzika. Tena ni mtu wa maneno machache, na mimi ukimya wake niliuhesabu kuwa wa mkosaji.

Maana miaka tisa iliyopita nyumba ya mama yetu iliungua mchana kweupe, na kituo cha zimamoto kilikuwa mtaa wa nne kutoka pale. Honi alikuja kwa miguu. Dereva mzima wa zimamoto alikuja mbio, jasho linamtiririka, akaninyang'anya ndoo yangu ya kufulia ikiwa na maji na kuingia nayo ndani. Alitoka na mama mgongoni. Mama alikuwa ameshakwisha. Ndoo ilibaki mle ikayeyuka.

Sikumuuliza gari lilikuwa wapi. Mtu akishazikwa, unauliza nini? Nikawa nadai ndoo. Kila kikao cha familia, mbele za watu: shemeji, ndoo yangu iko wapi? Wengine walicheka. Yeye aliangalia chini.

Sasa gari lake lile la zimamoto lilikuwa linauzwa, na mimi nauza maji, nikalitaka kwa ajili ya tangi. Akiba niliyokuwa nayo niliipata kwa miaka minane ya kusukuma madumu kwa mkokoteni. Ikipotea, kwa umri huu na magoti haya, siipati tena. Dalali alikuwa ameshanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mama yangu, kilomita elfu tisa tu. Hili ni bibi harusi, halijaguswa."

Honi alipomaliza kununa, alipanda. Kilomita hata hakuziangalia. Alinionyesha mita nyingine ndogo, chini ya usukani, inayohesabu saa ambazo injini imenguruma, hata kama gari limesimama. Saa elfu tatu na mia tatu. Akaniambia walikuwa wanaliwasha kila asubuhi uani, nusu saa, ili mtaa usikie kwamba zimamoto wapo. Akashuka kuangalia matairi. Meno yote yapo, lakini ubavuni ukucha wake ulizama kwenye ufa.

Likabaki tangi, lenye rangi nyekundu mpya inayong'aa. Alikuwa amekuja na kitu kikubwa kwenye mfuko, nikidhani ni nguo anapeleka kwa fundi. Akatoa ndoo mpya ya kijani, akaenda kukinga maji bombani kwa mlinzi. Kwa kuwa yeye hawezi kupanda hadi juu ya tangi, nikapanda mimi nikamimina. Ndoo ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya nne ikatokea chini, maji ya rangi ya chai, yakaingia kwenye kiatu cha dalali.

"Hako katundu tu," dalali akasema. "Kuchomelea dakika kumi."

Honi akaingiza mkono nyuma ya kiti cha dereva, bila kutafuta, akatoa daftari la gari na kunipa. Mimi darasa langu ni la saba na nasoma taratibu, lakini mwandiko wake naujua. *Tangi limetoboka. Halishiki maji.* Tarehe ilikuwa miezi saba kabla ya msiba wetu. Chini yake tena, maneno yaleyale. Na mara ya tatu, wiki mbili kabla. Kila mahali, pembeni, kwa wino mwekundu, mkubwa wake alikuwa ameandika neno moja na kugonga muhuri: *Imeonekana.*

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, shemeji? Kwamba gari la maji halina maji? Siku ile nililiwasha, nikaona nitampelekea mama kelele tu. Nikashuka, nikakimbia."

"Na miaka yote hii?"

"Ulikuwa unadai ndoo. Nikaona afadhali. Ndoo ninaiweza."

Sikulia, dalali alikuwa ananitazama. Nikauliza gari lina thamani gani. Honi akasema ninunue injini na chesisi tu, theluthi ya bei anayotaka dalali, na tangi aliuze mwenyewe kwa kilo kama chuma chakavu. Dalali alicheka mpaka aliponiona nafunga hela zangu upya kwenye kitambaa, hapo akaacha. Hatukuelewana. Nilitoka na akiba yangu yote.

Getini Honi alisimama kupumua, mkono mmoja ukutani. Nilisubiri. Alipopata pumzi akanisogezea ile ndoo, bado ina maji kidogo chini.

"Shika, shemeji. Ya kwako ilikuwa ya kijani, si ndiyo?"

Ya kwangu ilikuwa ya bluu.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ya kijani hivihivi." Nikaipokea kwa mikono miwili.