Siku Niliyomtangaza Mzee arap Langat

Nitasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana kuna watu pale Litein bado wanaisimulia hii habari na kuiongezea chumvi, na yenyewe haihitaji chumvi, ina aibu ya kutosha: mimi, Mama Kwamboka, ndiye niliyemuua Mzee arap Langat. Nilimuua saa moja asubuhi, kwa kidole gumba, nikiwa nimekalia kreti ya soda.

Kwetu ni mlimani nje ya Litein, chai mbele, chai nyuma. Baba yangu alitoka Kisii kuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa, akanunua kipande chake, nami nikazaliwa hapo hapo, kwa hivyo msiniulize nitaenda kwetu lini (huwa naulizwa). Nina duka dogo linalotazamana na kituo cha majani, pale tunapopelekea chai lori lije kuichukua, na mimi ndiye admini wa grupu la WhatsApp la kituo. Hilo grupu lilikuwa wazo langu, na sitaki mtu aniibie sifa. Zamani lori likichelewa mlikaa na vikapu vyenu mpaka majani yanashika moto ndani kwa ndani na kubadilika rangi, na hakuna aliyejua kama limekwama au dereva amelala. Siku hizi karani wa kituo ananiandikia, "Lori liko kwa matope, waje saa tisa," natuma, watu wanaendelea na shughuli zao. Chanjo ya ng'ombe, mkutano wa shule, hata mtoto aliyepotea sokoni Sigowet akapatikana kabla mamake hajamaliza kulia, yote yalipitia kwangu. Kwa hivyo kichwa kikavimba. Nikafika mahali naona uchungu kabisa mtu mwingine akitangulia kutoa habari.

Asubuhi hiyo nilifungua Facebook nikiwa nangoja chai ichemke. Nikaona picha ya Mzee arap Langat, jirani yangu wa boma la tatu, picha ya rangi nyeusi na nyeupe, imezungushiwa maua pembeni, imewekwa na mjukuu wake anayesoma chuo. Chini yake imeandikwa, "Tunamshukuru Mungu kwa maisha ya babu yetu mpendwa, mtu wa watu, aliyetulea na kutufundisha kazi..." halafu ikakatika, pakabaki yale maneno ya "Soma zaidi". Sasa, jana yake sote tulimwona mzee akipandishwa pikipiki kupelekwa hospitali ya Kaplong. Nikajua mzee ametutoka. Nikabonyeza "Soma zaidi", kitu kikazunguka, kikazunguka, na mimi bando langu lilikuwa limebaki kidogo sana, nikajiambia wacha nisilimalize kwa kusoma, nilitumie kwa kazi ya maana. (Kazi ya maana! Mungu anione.)

Nikaandika, "Kwa masikitiko makubwa tumempoteza Mzee wetu arap Langat. Wote tukutane kwangu saa nne twende tukafariji boma." Nikaweka mishumaa mitatu na mikono ya maombi. Nikatuma. Nakiri kwamba kabla sijalia niliangalia kwanza kama kuna aliyenitangulia. Hakuna.

Huku kwetu mtu akifariki hakuna kuchuma. Sheria haijaandikwa popote, lakini ukionekana na kikapu mgongoni siku ya msiba jirani atakuangalia mpaka kikapu kiwe kizito kabla hakijaingia jani. Basi mlima mzima ukaweka vikapu chini, siku ya jua zuri, siku ambayo machipukizi ya chai yalikuwa yamefikia kuchumwa vile inavyotakiwa. Karani akatangaza kwa vituo vingine. Mtu akalipeleka tangazo kwa grupu la kanisa, mwingine kwa la kwaya, na kila mahali lilipofika lilifika na jina langu juu yake, na mimi, mwacheni tu niseme, nilijisikia mtu wa maana.

Saa nne tulikuwa kama watu sitini. Akina mama wamebeba kuni na maziwa, vijana wamebeba viti vya kanisa, na rafiki yangu Mama Achieng, yule fundi wa nguo aliyekuja kutoka upande wa ziwa, amejitwika sufuria kubwa ya kupikia wageni. Tulipokaribia boma tukaanza wimbo wa polepole, ule wa kusindikiza. Nilikuwa mbele. Nilikuwa ndiye ninayeanzisha ubeti.

Mzee arap Langat alikuwa kwenye geti lake anapigilia waya wa ua. Alituona, akaweka nyundo chini, akavua kofia kwa heshima, akasimama kando tupite. Hata akatuitikia kiitikio.

Wimbo ulikufa kuanzia mbele kwenda nyuma, kwa sababu walio nyuma walikuwa hawajaona. Sufuria ya Mama Achieng ikaanguka, ikabingirika mpaka kwenye mtaro. Mzee akaangalia kuni, akaangalia viti, akasema kwa upole, "Poleni sana, jamani. Nani amekufa kwa hii boma?"

Watu sitini waligeuka wakaniangalia mimi.

"Mzee," nikasema, "kumbe uko."

"Niko. Ni goti tu lilikuwa linasumbua. Wamenipa dawa ya kupaka." Kisha akauliza tena, "Lakini ni nani?"

Mama Achieng ndiye aliyefungua Facebook kwa simu yake, yenye bando, akaisoma kwa sauti mpaka mwisho, kila neno, bila huruma: "...na kutufundisha kazi. Leo anatimiza miaka themanini. Heri ya kuzaliwa, babu!" Akaniangalia. "Mama Kwamboka, hii ilikuwa mistari miwili tu. Mistari miwili ilikushinda?"

Watu wakacheka, na mimi nikaanza kucheka nao nikitafuta pa kujificha, mpaka mke wa mzee, tunayemwita Kogo kwa maana ni bibi yetu sote, alipotoka jikoni akauliza, "Chepngeno ako kwa hiyo grupu yenu?"

Kicheko kikakatika. Chepngeno ni binti yao, mwalimu kule Nakuru, alikuwa na mimba ya miezi minane na presha, na daktari alikuwa amemwambia akae nyumbani atulie. Kwa grupu letu hakuwamo. Kwa grupu la kanisa alikuwa. Tukaangalia kwa simu ya Mama Achieng, na chini ya mishumaa yangu mitatu tukakuta ameandika maneno mawili tu, "Baba yangu." Halafu hakuandika tena. Saa mbili nzima.

Niwaambie ukweli, hapo ndipo niliogopa. Aibu nimeizoea, lakini hii haikuwa aibu. Mama Achieng akanigawia bando lake kwa hotspot, nikaanza kuandika, "Si kweli, mzee yuko hai, nisameheni," nikatuma kila mahali, na huku natuma watu wanaendelea kuniandikia pole, makiwa, Mungu awatie nguvu, kwa sababu habari mbaya yangu ilikuwa imetangulia mbali na nzuri ilikuwa ndio kwanza inavaa viatu. Nikampigia Chepngeno. Akashika. Alikuwa njiani, ameshapita Molo, nasikia upepo wa dirisha.

"Chepngeno, mama, baba yako mzima! Nilikosea!"

"Mama Kwamboka, usinidanganye." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Najua mnavyofanya. Mtu akiwa kwa njia anaambiwa mgonjwa anaendelea vizuri, ndio afike. Hata sisi tulimwambia shangazi hivyo."

Na kweli ndivyo tunavyofanya. Ningemwapia nini? Nikamwambia ngoja, nikampigia tena kwa video, nikamkabidhi mzee simu.

Mzee arap Langat alikuwa na kale kasimu kake kadogo ka tochi, kalikozimika tangu jana. Hajawahi kuongea na simu inayoonyesha uso. Akaichukua kwa mikono miwili akaibandika sikioni. "Haloo! Chepngeno! Haloo!"

"Mzee, toa sikioni, akuone!" tukapiga kelele wote.

"Nikitoa nitasikiaje?" akajibu, akaibandika zaidi.

Basi Chepngeno, kule barabarani, hakuona uso wa baba yake. Aliona sikio, limejaa kioo kizima, lile sikio la wazee wa Kipsigis waliotobolewa ujanani, ndewe ndefu imekunjwa na kupitishwa juu ya sikio isining'inie. Tukasikia analia, kilio cha kucheka ndani yake, anawaambia abiria wenzake, "Ni yeye! Ni sikio la baba!" Na abiria wakapiga makofi.

Nikakaa chini palepale kwenye nyasi, nikalia kuliko nilivyolia nikidhani amekufa.

Kuni zilikuwa zimeshafika, maziwa yamefika, watu wamefika, na ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, kwa hivyo tulipika tukala. Chepngeno aliingia saa nane, akamshika baba yake masikio yote mawili, akalala alasiri nzima Kogo akimpepea. Lori lilikuwa limekuja na kurudi tupu, na karani ananikumbusha mpaka leo. Lakini mzee hakunigombeza. Aliniita nikae karibu naye, akasema, "Hao watu waliandika nini? Soma."

Nikamsomea zote. Wa kwanza kasema mzee ndiye aliyemfundisha kukata miche. Mwingine, ambaye wamegombania naye mpaka wa shamba miaka mingi, kasema hakuna mtu mkweli kama arap Langat mlima huu. Mzee akaniambia nirudie hiyo. Nikarudia. Akapangusa macho na kofia, akasema, "Sasa walikuwa wanangoja nini kuniambia?"

Mimi nimeapa, na mashahidi ni nyinyi: sitamzika mtu kabla ya kubonyeza "Soma zaidi" na kusoma mpaka nukta ya mwisho, na bando likiisha nitavaa gumboots niende kwake nimwone kwa macho. Lakini kuapa kwangu hakukumtosha mzee. Alimwomba Chepngeno amnunulie simu kubwa, akaomba nimwingize kwa grupu, na sasa kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla mtu yeyote hajagusa kikapu, simu zote za mlima zinalia pamoja, ujumbe wake wa sauti umeingia, tunasikia mzee akisafisha koo, halafu anasema, "Mimi arap Langat niko. Chumeni chai."