Niliyempisha Mikese

Ninayoyasimulia hapa yalinitokea mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, sijaonja hata tone la pombe. Nasema mapema kwa sababu najua watu husema visa vya namna hii ni vya walevi. Laiti kingekuwa cha mlevi. Mlevi ana cha kusingizia. Mimi sina, na ndiyo maana nimekaa nacho miaka yote hii bila kumwambia mama yangu, ambaye ndiye wa kwanza aliyestahili kuambiwa.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyenilea. Kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kutembelewa sikukuu tu. Mtoto ni wa upande wa mama, na siku mjomba akifumba macho, mpwa ndiye anayetazamwa. Alikuwa fundi mitambo kiwandani Morogoro. Miaka ile viwanda vinauzwa na watu wanapunguzwa, naye akapunguzwa, na kiinua mgongo chake akakigeuza televisheni moja na mashine ya gemu iliyotoka Dubai. Akafungua chumba cha gemu Kihonda. Wenzake walimcheka, mtu mzima na ndevu zake anachezesha watoto. Lakini chumba kilijaa kila siku. Nani alikuwa ameona kitu kama kile? Unabonyeza padi hapa, askari anaruka kule kwenye kioo. Sisi tuliozoea magari ya waya tulibaki tumeachama.

Mjomba alikuwa na sheria moja. Muda wako ukiisha anakugusa bega la kulia na kusema kwa upole, "Mpishe mwenzako." Hakukuwa na kubembeleza wala "ngoja nife kwanza". Mimi niliyelala naye nyumba moja niliguswa kuliko wote, asije akaambiwa anapendelea. Kulikuwa na gemu ya askari anayekimbia kuelekea kulia, anaruka mashimo, anakwepa risasi, mpaka afike kwenye ngome ya mwisho. Ndani ya ngome ile sikuwahi kuingia. Kila nikiuona mlango wake, bega linaguswa.

Mashine ikaharibika, mjomba akarudi kulima kijijini kwetu, milimani juu ya Mikese, na mimi nikaenda Dar kuuza duka la mtu Kariakoo. Ndipo zikaingia zile gemu ndogo za Kichina, sijui kama unazikumbuka. Ni mashine ile ile ya zamani, umbo lile lile na rangi zile zile, ila imesinyaa mpaka inaenea kiganjani kama kipande cha sabuni. Kaseti huhitaji tena, gemu zote zimo ndani, unaiunga tu kwenye televisheni. Nilikuwa mtu mzima, lakini nikipita zinapouzwa miguu inagoma. Kwa nini? Gemu mpya zenye picha nzuri zilikuwepo, sikuzitaka. Nilitaka ile ile ya utotoni, sasa iwe yangu, niicheze bila mtu wa kunigusa bega. Kitu kilichokuwa kikubwa kuliko mimi sasa ningeweza kukitia mfukoni.

Jioni moja simu ikapigwa dukani. Mjomba amefariki, mazishi ni kesho baada ya adhuhuri. Na alikuwa ameacha maneno mawili: sanda yake niinunue mimi kwa mkono wangu, na kaburini niingie mimi kumpokea. Nililia, niamini, nililia kweli. Nikatoka kwenda kununua bafta ya sanda, pamba na karafuu maiti. Na wakati wa kurudi, macho bado mekundu, nikanunua na gemu. Nikavitia vyote kwenye begi moja, sanda chini, gemu juu. Hata sasa nikilisema hili uso unawaka.

Asubuhi nikashuka Mikese. Kutoka barabarani mpaka kwetu ni mwendo wa kupanda kwa miguu, ila muda ulikuwepo, jua lilikuwa bado chini. Nyuma ya wauza machungwa nikaona kibanda cha mabati chenye pazia la gunia, na ndani mwanga wa televisheni. Mle mlikuwa na benchi, televisheni, na kijana mmoja ameupa mlango mgongo. Nikajiambia nijaribu tu kama gemu inawaka, maana vitu vile vingi vilikuwa vibovu. Dakika chache tu.

Nikatoa salamu, akaitikia bila kugeuka. "Una gemu kwenye begi," akasema. "Lete tuunge."

Sikumuuliza amejuaje. Wewe ungeuliza? Labda. Mimi nilikuwa nimeshafungua zipu.

Akashika padi ya pili. Gemu ya askari huchezwa kwa zamu, huyu akifa mwenzake anaingia. Nilipokufa mara ya kwanza nikamsubiri aanze, akasema, "Cheza na yangu." Nikacheza. Nikafa tena, akasema vile vile. Mtu gani anaachia zamu? Badala ya kuogopa, nilifurahi. Akaniuliza ninakokwenda. Nikamwambia, macho kwenye kioo, kwamba nakwenda kumzika mjomba na mimi ndiye wa kuingia kaburini. Uso wake sikuutazama hata mara moja. Nilichoona ni mikono yake kwenye padi, na kidole gumba cha kushoto chenye kovu la panga. Mimi pia ninalo, pale pale. Nikalipita tu, kama mtu anayepita jiwe njiani.

Ngome ikatokea. Mlango ukafunguka, na kwa mara ya kwanza maishani nikaingia. Hapo hapo bega langu la kulia likaguswa.

"Mpishe mwenzako."

Siyo kwamba sauti ilifanana na ya mjomba. Ilikuwa yake. Sasa nikuulize, mwenye akili anafanya nini? Anatupa padi, anakimbia. Mimi nilisema, "Subiri kidogo, mjomba." Nilijua amekufa. Sanda yake ilikuwa miguuni pangu. Nami nikasema subiri kidogo.

Mkono ukaondoka begani taratibu. Yule wa pembeni akasimama, akaiweka padi yake kwenye benchi.

"Umecheza zamu zangu zote," akasema. "Yako ya huko juu nitaichukua mimi."

Nikamjibu, "Haya." Nikasikia pazia likisogezwa, kisha miguu yake ikapotelea nje.

Gemu nikaimaliza. Unataka kujua kuna nini mwisho wa ngome ile? Maneno machache ya kigeni nisiyoweza kuyasoma, muziki kidogo, halafu askari anarudishwa mwanzo kabisa na kuanza kukimbia upya.

Nilipotoka jua lilikuwa limeshalalia upande wa Morogoro. Nikapanda mlima mbio, begi likinipiga mgongoni. Njiani nikakutana na binamu yangu Hamisi, jembe begani, udongo mwekundu mpaka magotini. Akasimama akanishangaa.

"We, umepitia wapi tena? Si nimekuacha sasa hivi kwa mama yako?" Akanitazama juu mpaka chini. "Na kanzu umeivulia wapi?"

Sikuwa nimebeba kanzu. Nikamuuliza mazishi yamekwendaje, naye akadhani ni uchungu unaonisemesha. Akanieleza polepole: nilifika kabla ya adhuhuri, nikatoa sanda, nikasaidia kumwosha, nikaingia kaburini nikampokea mjomba mikononi. "Hukutetereka," akasema. "Wazee wote wamekusifu."

Nyumbani mama alikuwa mkekani. Akanishika mikono yote miwili. "Umemsitiri kaka yangu," akasema. "Mungu akusitiri na wewe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Lakini niseme nini, kwamba nilikuwa nacheza gemu? Kwamba aliyeingia mle si mimi, na hatujui ni nani? Wangefukua kaburi. Nikasema, "Amina, mama." Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikafungua begi. Gemu haikuwemo, niliiacha kwenye benchi. Sanda ilikuwemo, imefungwa kamba vile vile kama ilivyotoka dukani, inanuka karafuu maiti. Sasa mjomba alizikwa na nini?

Kesho yake nikashuka Mikese. Kibanda kile kilikuwa stoo ya fundi wa pancha, kimejaa matairi. Nikamuuliza habari za gemu, akanijibu kwamba upande ule wa barabara umeme haujavutwa.

Tangu siku ile nimeheshimika. Nimerithishwa jina la mjomba, naitwa kwenye vikao vya ukoo, naulizwa habari za mashamba. Mama hupenda kuwasimulia wageni jinsi nilivyomfuta machozi kwa kanzu yangu, nikakaa naye kimya mpaka akatulia. Halafu hunitazama. "Sijui upole ule uliupeleka wapi, mwanangu." Yule aliyekuja alikuwa mpwa bora kuliko mimi. Namwogopa, na namwonea wivu.

Sanda ipo sandukuni kwangu mpaka leo. Mke wangu aliiona akauliza ni ya nani. Nikasema ya mjomba. Akasema, mjomba si alizikwa? Nikasema alizikwa.

Naona siku hizi gemu ndogo zimerudi, ziko kwenye maboksi mazuri, na watu wa rika langu wanazinunua huku wakicheka. Sikukatazi. Nunua, cheza. Ila ukiguswa bega, inuka, hata kama mlango wa ngome umefunguka. Na ukikaa karibu na mtu anayekuachia zamu zake zote, mtazame usoni kabla hujasema "haya".

Mama yangu amelazwa tangu juzi. Begi langu liko mlangoni, na simu iko mkononi. Safari hii naomba nifike mimi.