Mama Aliyesema Ni Mlima

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio na ndoo, nikaambiwa wodi ya wazazi ndiyo yako. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, wajukuu zangu, na nilitoka Chiwanda, ziwani. Kule juu hospitali ya Litembo wao Kimatengo, mimi Kinyasa, basi mchana kutwa naongea na ndoo.

Muuguzi Mkuu alikuwa mkali, mtu wa Kagera. Ndiye aliyenieleza kwamba mimba huweza kuifanya sukari igome kuingia mwilini, ikabaki kwenye damu. Wajawazito waliambiwa waje kupimwa kabla ya kula. Mmoja akaapa, "Sijala, Sista, nimekunywa togwa tamu tu!" Tulicheka sana. Presha, hiyo haikuchekesha mtu.

Mama mmoja wa kijiji cha Mapera alifika na mimba kubwa, miguu imevimba. Kipimo cha presha kikapanda.

"Ni mlima, Sista. Nimekuja kwa miguu."

Wote husema hivyo, na kweli mlima hupandisha. Ndiyo maana tulimketisha kwanza. Akapumzika, akapimwa tena: palepale. Mkojo nao ukakutwa na protini, yaani figo zinavujisha.

"Mlima umeuacha nje, mwanangu," Muuguzi Mkuu akasema. "Hii umeingia nayo. Ukiondoka, kifafa cha mimba kitakukuta njiani, mfe wewe na mtoto."

"Na kahawa imeiva, atachuma nani?"

"Iache idondoke!"

Yule mama akanigeukia mimi mwenye ufagio. "Shikamoo, mama. Wewe ungebaki?"

Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza neno.

"Marahaba. Baki. Uji nitakuletea mimi."

Akabaki. Kwao hakuja mtu, wote walikuwa kwenye kahawa. Jioni tulikaa wawili tukiongea mpaka Kiswahili chetu kiishe. Siku kichwa kilipomgonga na macho kuona vimulimuli, wakamchoma magnesiamu, dawa ya kuzuia hicho kifafa, wakampasua. Mtoto alikuwa mdogo mno, ila alilia. Waliporuhusiwa, mumewe akawabeba kwa bodaboda, wala hakuna aliyekumbuka kuniaga.

Sasa nimestaafu, nyumbani ni mimi na kuku. Mnaniuliza kama wale waliopona hunitembelea. Hapana. Wana mashamba, wana watoto. Huku kwetu msiba ndio hutuma mtu mbio. Kutoka Mapera hajawahi kuja mtu, nami kila asubuhi nachungulia barabarani, nikiiona tupu nashukuru.